Kazi za Mikono Katika Masomo Yetu

Katika shule yetu, hapa Djugu, siku ya Ijumaa mara nyingi Mwalimu hutuagiza hivi: "Leteni udongo." Ijumaa nyingine husema, "Leteni vijiti," au "Leteni mikebe mitupu." Basi Jumatatu asubuhi utatuona njiani na mizigo kama watu wanaokwenda sokoni. Mmoja amebeba majani ya migomba, mwingine mkebe wa tomati, mwingine udongo wa mfinyanzi uliofungwa katika jani. Watu hutuuliza, "Ninyi watoto, mnakwenda kusoma au kujenga?" Nasi hujibu, "Yote mawili, mzee."

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita. Nataka kuwaeleza kazi tulizozifanya mwaka huu kwa mikono yetu, katika hesabu, katika dini, katika lugha na katika jiografia. Sitazieleza zote. Nyingine zilikuwa nzuri kwa macho tu. Kwa mfano, tulikata herufi za rangi, tukazibandika ukutani, tukatumia gundi nyingi. Lakini tulipomaliza, hakuna aliyejua neno moja zaidi ya yale aliyoyajua jana yake. Kazi ya namna hiyo naiacha.

Lakini kwanza sharti niseme maneno ya baba yangu, kwa maana nimeyafikiri mwaka mzima. Baba ni mkulima wa maharagi na viazi. Siku moja aliniona nikifunga udongo, akaniambia, "Mwanangu, udongo ni tele shambani kwetu. Ukipenda kufinyanga, kaa nyumbani. Shuleni nenda ukajifunze kusoma na hesabu." Hakusema kwa hasira. Mwisho wa darasa la sita tuna mtihani wa serikali, naye anataka nifaulu. Akaongeza, "Saa mbili za udongo ni saa mbili zilizotolewa katika hesabu."

Je, baba alisema kweli? Kila tulipopewa kazi ya mikono nilijiuliza hivyo: Je, jambo hili ningeweza kulipata katika kaye yangu, bila kuchafua mikono?

Nianze na hesabu yenyewe, somo ambalo baba huliheshimu kuliko yote. Mwalimu alitusimulia habari za mfupa. Mwaka 1950 mtaalamu mmoja Mbelgiji, jina lake Jean de Heinzelin, alikuwa akichimba ardhi huko Ishango, katika Kivu ya Kaskazini, mahali ambapo Mto Semliki hutoka katika Ziwa Edward. Akapata mfupa mdogo wa mnyama, urefu wake yapata sentimeta 10. Katika ncha yake moja kuna kijiwe kikali kilichokazwa ndani. Na juu ya mfupa kuna mikato midogo midogo iliyopangwa katika safu tatu. Wataalamu husema una umri wa miaka 20,000 hivi. Sasa umehifadhiwa Ubelgiji, mjini Brussels, katika jumba la makumbusho.

Mwalimu hakutuambia maana ya mikato hiyo. Alimwagiza kila mtu alete kijiti kilichonyoka na kisu kidogo. Kisha akaandika ubaoni hesabu ya mikato yenyewe. Safu moja ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Safu nyingine ina 11, 13, 17 na 19. Safu nyingine tena ina 11, 21, 19 na 9. "Haya, chongeni," akasema.

Hapo ndipo tulipoona kazi! Kuchonga mikato 21 katika nafasi fupi, moja karibu na nyingine, bila kuvunja kijiti, si mchezo. Mtu akianza kwa haraka, nafasi humwishia kabla ya kufika mwisho. Ilitubidi kupima kijiti kwa rula, kuhesabu mikato yote ya safu, na kugawanya urefu kwa hesabu hiyo. Kugawanya tulijifunza tangu darasa la tatu. Lakini siku ile tuligawanya kwa sababu tulihitaji jibu.

Tulipokwisha kuchonga, tukajumlisha. Mvulana mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Mwalimu, safu mbili ni sawa!" Kweli, 11 na 13 na 17 na 19 ni 60. Na 11 na 21 na 19 na 9 ni 60 vilevile. Safu iliyobaki ni 48. Yote pamoja, mikato 168. Ndipo Mwalimu akatuambia tuitazame tena ile safu ya 11, 13, 17 na 19, tujaribu kuzigawanya namba hizo. Tukajaribu kwa 2, zikakataa. Kwa 3, zikakataa. Kwa 5 na kwa 7, zikakataa zote. Ni namba tasa, yaani namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Tena hakuna namba tasa nyingine kati ya 10 na 20, isipokuwa hizo nne.

Je, mtu yule wa zamani alijua hayo, au ni bahati tu? Tulimwuliza Mwalimu. Akasema kwamba wataalamu hawakubaliani. Wengine husema kwamba mfupa ni chombo cha kuhesabia, wengine husema kwamba ni kalenda ya kufuata mwezi wa mbinguni, na wengine husema kwamba mikato ilikuwa ya kuufanya mfupa usiteleze mkononi. Jambo hili lilinipendeza sana. Katika kitabu cha hesabu, majibu yako katika kurasa za mwisho. Mfupa huu hauna kurasa za mwisho.

Kijiti changu nilikipeleka nyumbani. Babu yangu alikishika, akapitisha ukucha juu ya mikato, akacheka. Akasema kwamba naye alipokuwa kijana alikata alama katika fimbo ili asisahau deni la mbuzi. Baba hakusema neno. Lakini nilimwona jioni ile akizihesabu safu zangu, midomo yake ikicheza.

Katika dini kazi yetu ilikuwa pango la Noeli. Mwalimu alitueleza kwamba Mtakatifu Fransisko wa Asizi, usiku wa Noeli wa mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio huko Italia, alitengeneza hori lenye majani makavu, akaweka ng'ombe na punda wa kweli, ili watu waone kwa macho yao umaskini wa Mtoto Yesu. Sisi tulifinyanga kwa udongo. Ng'ombe hawakutupa taabu. Hapa kwetu hata mtoto wa darasa la kwanza anajua pembe zao zinavyokaa. Taabu ilikuwa punda. Hakuna mmoja wetu aliyewahi kumwona punda, ila katika picha ndogo ya kitabu. Basi tukafinyanga mnyama, tukamtia masikio marefu, lakini uso ulikataa kabisa kuwa wa punda. Katika Misa ya usiku watu walinong'onezana, "Yule mbuzi amefikaje Betlehemu?" Padri akawasikia. Akasema, "Mwacheni. Naye amekuja kumwamkia Mtoto."

Katika lugha tulitengeneza kitabu. Kila mtoto aliagizwa kuomba hadithi moja kwa mzee wa kwao, aisikilize katika lugha ya nyumbani, kisha aiandike kwa Kiswahili. Watoto watatu walileta hadithi moja ya sungura. Tulidhani wameangaliziana! Lakini mmoja aliisikia kwa Kilendu, mwingine kwa Kialur, mwingine kwa Kindo. Safari ya sungura ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mnyama aliyedanganywa, kwa mmoja fisi, kwa mwingine chui. Tuliziandika zote tatu, tukazishona pamoja kwa uzi wa gunia.

Sasa nifike kwenye kazi kubwa kuliko zote, ile ya jiografia. Ilichukua majuma sita.

Mwalimu alituchagulia mahali nyuma ya darasa, chini ya ukingo wa bati. Akachukua kamba na vigingi, akachora chini umbo la Ituri. Nchi yetu ya Ituri imekuwa jimbo la pekee tangu mwaka 2015, nayo ina teritwari tano: Aru, Mahagi, Djugu, Irumu na Mambasa. Ramani yetu ilikuwa na urefu wa hatua nne. Tukaanza kuleta udongo. Upande wa magharibi, kwenye msitu, tuliuweka chini. Upande wa mashariki tuliuinua, kwa sababu milima yetu hapa Djugu na Mahagi hupita mita 2,000 katika vilele vyake. Halafu, ng'ambo ya milima, nchi hushuka ghafula mpaka Ziwa Albert, ambalo uso wake uko kwenye mita 600 na kidogo juu ya bahari. Ziwa tulilifanya kwa karatasi ya nailoni ya buluu. Urefu wake wa kweli ni yapata kilometa 160, na mpaka wa nchi yetu na Uganda hupita katikati yake. Huko kusini mwa ziwa tukauingiza Mto Semliki, ule ule wa mfupa, maana maji yake hutoka Ishango na kuja kwetu. Upande wa Kilo na Mongbwalu tuliweka punje za mahindi ya njano kuwa dhahabu. Wazungu walianza kuijua mwaka 1903. Na kwa Waokebo, wahunzi wanaojulikana tangu zamani, tukachomeka kipande cha chuma.

Udongo ulipokauka kidogo, Mwalimu alimwita mvulana mmoja, akampa mkebe uliojaa maji. "Panda juu ya kiti," akamwambia. "Mimina polepole juu ya mgongo wa milima ya Djugu. Wengine tazameni, msiseme neno."

Maji yalianguka juu ya mgongo, yakasimama kidogo kama mtu asiyejua njia. Kisha yakagawanyika. Mengine yakateremka upesi mashariki, yakaingia ziwani. Mengine yakaenda polepole magharibi, yakafuata mfereji wa Shari, kisha wa Ituri, yakapita Mambasa, yakatoka nje ya ramani, yakalowesha miguu ya wenzetu.

"Yanakwenda wapi?" Mwalimu akauliza.

Hakuna aliyejua. Basi akatupanga uani. Mmoja akawa Basoko, mahali ambapo Mto Ituri, ukiisha kubadili jina na kuitwa Aruwimi, huingia katika Mto Kongo. (Mmoja wetu alisema kwamba maji hayo hupita Kisangani kwanza. Sivyo. Kisangani iko juu zaidi. Maji yetu hayapiti huko.) Mwingine akawa Mbandaka, mwingine Kinshasa, mwingine Matadi, karibu na bahari ya Atlantiki, chini ya mkalitusi. Upande wa pili, mmoja alisimama kwenye mwisho wa ziwa kaskazini, huko Uganda, mahali mto wa Nili unapotoka. Mwingine akawa Sudani ya Kusini, mwingine Khartoum, na wa mwisho akawa Kairo katika Misri, karibu na jiko la Masista. Yule wa Kairo alifurahi sana kwa sababu ya harufu ya maharagi.

Kisha Mwalimu akasimama katikati, juu ya ramani, akasema, "Mvua ikinyesha juu ya mgongo huu, matone mawili yakaanguka karibu karibu, kama kidole hiki na hiki, moja laweza kufika Misri na bahari ya Mediteranea. Lingine laweza kufika Matadi. Hayataonana tena." Tulinyamaza. Mimi nilikuwa nimeishi katika milima hii miaka yote ya maisha yangu, nimekanyaga tope lake kila siku, wala sikujua kwamba maji ya nyuma ya nyumba yetu yana safari mbili. Katika kitabu chetu kuna mstari mmoja juu ya jambo hili. Nilikuwa nimeusoma. Nilikuwa nimeunakili katika kaye, kwa mwandiko mzuri, nikapewa 8 juu ya 10.

Baada ya hayo Mwalimu alisema, "Milima iko, mito iko. Sasa wekeni nyumba zenu. Kila mtu aweke punje moja ya haragi mahali alipozaliwa." Tukaweka. Ilipendeza kuona vijiji vyote vimekaa pamoja. Lakini kesho yake asubuhi, tulipofika, hapakuwa na kijiji hata kimoja. Tulitazamana. Hata dhahabu ya Mongbwalu ilikuwa imekwisha! Kumbe kuku wa parokia walipita alfajiri. Tukawafukuza, tukaanza tena, safari hii kwa vijiwe.

Katika darasa letu yuko msichana mmoja aliyekuja mwaka jana pamoja na mama yake na wadogo zake. Watu wa kijiji chao wamekikimbia. Tangu Desemba 2017 watu wengi wa Djugu wamelazimika kuacha vijiji vyao, kama wazazi wetu walivyokimbia katika vita vya miaka ya 1999 hadi 2003. Sitalieleza jambo hilo. Wengi mnaosoma hapa mnalijua. Msichana huyu alikuwa mpole mno. Akiulizwa swali husimama, hutazama chini, hukaa tena. Siku ile ya maharagi hakuweka kitu, wala hatukutambua, kwa sababu tulikuwa wengi. Lakini siku ya vijiwe Mwalimu alihesabu, akaona kijiwe kimoja kimebaki.

"Hiki cha nani?"

Msichana akasema kwa sauti ndogo, "Changu, Mwalimu. Lakini kama watu hawako tena, nitaweka?"

"Ulizaliwa huko?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi weka."

Akakaribia upande wa mashariki, akapiga magoti. Hakutafuta mahali pake kama sisi, kwa kutazama mipaka. Alifuata mito kwa kidole: mmoja, wa pili, wa tatu. Akasimama. "Hapa pana kijito," akasema. "Hamkukiweka." Akachukua kijiti, akakichora mwenyewe, kikapinda mara mbili, kikashuka mpaka ziwani. Kisha akaweka kijiwe chake juu ya mkono wa kuume wa kijito. Akatuambia kwamba asubuhi, ukungu ukiondoka, mtu akisimama pale huliona ziwa lote, na milima ya Uganda ng'ambo. Akatuonyesha njia wanayoshuka wachuuzi wa samaki, na mahali wanapopumzika wakipanda. Tukamwuliza maswali mengi. Akayajibu yote. Mvulana yule wa nyuma, aliyegundua hesabu ya 60, akamwuliza, "Kwa nini hukusema mapema? Tungefanya upande wote huu vizuri." Mwalimu akamweka kuwa msimamizi wa upande wa ziwa, nasi tulibomoa karibu nusu ya kazi yetu, tukaijenga upya kama alivyotuelekeza.

Siku ya wazazi watu walikuja kutazama. Baba alikuja moja kwa moja kutoka shambani, jembe begani. Alipita mbele ya herufi za rangi bila kusimama. Kwenye ramani alisimama. Akaitazama kimya muda mrefu, hata nikaona haya mbele ya wenzangu. Kisha akaweka jembe chini, akachutama, akasema, "Mteremko huu si hivi." Kabla hatujajibu, akatia kidole gumba katika udongo, akaukandamiza kwa nguvu, mpaka upande ule ukasimama kama ukuta. "Ni hivi. Mtu akiwa na mzigo wa samaki wa Tchomia kichwani, magoti hutetemeka. Mimi nimeupanda mara nyingi kabla hujazaliwa."

Msichana yule alikuwa karibu. "Ndivyo, baba," akasema. "Ni mkali hivyo."

Baba akamtazama. "Wewe binti ni wa wapi?"

Akamwonyesha kijiwe chake. Baba akakitazama, akakitazama na kijito, akanyamaza. Halafu akasema, "Nimepita hapo. Walinipa maji."

Akasimama, akafuta kidole katika suruali, akachukua jembe lake. Njiani kwenda nyumbani aliniuliza maji ya upande wetu yanakwenda wapi. Nikamtajia: Ituri, Aruwimi, Basoko, Mbandaka, Kinshasa, Matadi. Akataka nirudie. Nikarudia. Kisha akataka upande wa pili, wa Misri, nao nikamtajia. Hata hivyo hajabadili neno lake. Juzi tu alisema tena kwamba saa mbili za udongo ni saa mbili zilizotolewa katika hesabu, nami usiku hufanya mazoezi ya hesabu mbele ya taa mpaka anaridhika. Mtihani bado haujafika.

Ramani haiwezi kuhamishwa. Imekauka, imepasuka mahali pawili, na mvua ya upepo imelegeza Aru. Tumewaomba wenzetu wa darasa la tano waitunze baada yetu. Tumewaandikia katika kaye moja mahali panapopatikana udongo usiopasuka, jina la kila mto, na jina la kila kijiji tulichokiweka, pamoja na kijito kile ambacho hakimo katika kitabu. Katika ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, tumeandika habari za kuku.